Nyayo Zilizoinuka

Upepo ulivuma siku tano mfululizo juu ya mlima Wheelock. Siku ya sita, Jumamosi ya pili ya Machi, Merle Pelkey alimpigia simu Noreen Couture asubuhi na mapema, kabla mwanamke huyo hajavua hata nguo za kulalia.

"Nyayo zimeinuka," akasema.

Noreen alikuwa amesimama jikoni, birika la kahawa mkononi. Akalitua polepole. Hakuhitaji kuelezwa, kila aliyekulia chini ya mlima ule anajua maana ya maneno hayo. Ukikanyaga theluji, ile iliyo chini ya mguu wako hushindiliwa ikawa ngumu. Upepo mkali ukija baadaye hufagia ile laini ya pembeni, ile ngumu ikabaki. Basi nyayo, badala ya kuwa mashimo, husimama juu ya theluji kama vigoda vilivyopangwa mstari, hata kama mwenyewe alipita miezi miwili nyuma.

"Za Lucien?"

"Nimezikuta jana jioni, juu kidogo ya kivuko cha pili. Kiatu cha kulia kinaacha alama ya waya."

Lucien alikuwa mdogo wake, tumbo moja, na hakuwa na mwingine. Tarehe kumi na moja Januari aliegesha pikapu yake mwanzo wa njia, akapanda, hakushuka. Watu kumi na mmoja walimtafuta siku nne wakiongozwa na Merle mwenyewe, mzee wa miaka sabini na moja aliyetunza njia za mlima ule tangu Noreen akiwa msichana wa shule. Siku ya tano theluji ikaanguka mpaka kiunoni, na utafutaji ukasimamishwa hadi majira ya kuyeyuka. Mjini watu walishakata kesi. Paulette, mke wa Lucien, alikuwa amemwacha mwezi Oktoba; na mwanamume aliyeachwa akipanda mlima peke yake katikati ya Januari, walisema, hajaenda kutazama mandhari. Hawakumwambia Noreen hayo usoni. Walimletea mapai ya nyama ya nguruwe, wakamshika mkono muda mrefu kuliko kawaida, kisha wakateremka ngazi za baraza wakinong'ona.

"Nipe nusu saa," Noreen akasema.

"Beba soksi za ziada." Merle akashusha sauti. "Na usimwambie mtu tunakokwenda."

Hilo la mwisho lilimshangaza. Miaka nenda miaka rudi Merle alikuwa akisimama mbele ya watoto wa shule alikopika Noreen, akiwaambia jambo moja tu: usipande mlima bila kumwambia mtu. Lakini hakuuliza. Alivaa, akajaza kahawa kwenye chupa, akafunga viatu vyake vipana vya theluji nyuma ya shanta, akatoka.

Bondeni msimu ulikuwa umeanza kugeuka. Ndoo zilishaning'inizwa kwenye miti ya shira, na mbele ya kibanda cha akina Dubois, wapika shira, moshi mtamu wa utomvu unaochemka ulikuwa ukitambaa barabarani. Mwanzo wa njia, hata hivyo, bado ilikuwa kama Januari. Baridi iliuma puani. Merle alikuwa ameketi kwenye mlango wa gari lake, anafunga mikanda ya viatu, ndevu zimeshaganda.

"Umechelewa dakika nane," akasema.

"Nilikuwa natafuta soksi zako za ziada."

"Ukipanda kama unavyovaa, tutafika Pasaka."

"Wewe tangulia tu, mzee. Nikikukuta umekaa kwenye gogo unashika magoti, nitakupita bila salamu."

Merle akacheka kwa pua. Wakaingia msituni.

Walipanda saa nzima bila kusema mengi. Misonobari ilibeba theluji mabegani, na mara kwa mara tawi moja liliutua mzigo wake, puu, kisha kimya kikarudi kizito kuliko mwanzo. Walivuka kijito cha kwanza juu ya daraja la theluji, na cha pili vilevile. Juu ya kivuko cha pili msitu ulifunguka kidogo, na hapo Noreen akaziona.

Zilitoka katikati ya njia kama kitu kilichoota. Kila unyayo ulikuwa umesimama urefu wa kiganja, juu umelala bapa, pembeni umechongwa na upepo. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, zikipanda taratibu kati ya miti. Kwenye kila wa kulia kulikuwa na mfuo mwembamba uliokatiza kisigino, pale Lucien alipofunga fremu iliyovunjika kwa waya wa uzio badala ya kununua viatu vipya. Noreen alimsimanga kwa waya ule majira yote ya baridi yaliyopita.

Akapiga goti, akavua glavu, akaugusa mmoja. Ulikuwa mgumu kama mfupa.

"Usizikanyage," Merle akasema kwa sauti ya chini. "Tutapita pembeni."

Basi wakapita pembeni, wakiuacha mstari ule upande wao wa kulia, na Noreen akajikuta anatembea kwa mwendo wa mdogo wake bila kukusudia. Hatua zilikuwa tulivu, za mtu asiye na haraka. Mahali pengine zilisimama zikageuka. Hapo alitazama bonde. Kwenye jabali lililojitokeza nje ya theluji alikuwa ameketi: alama ya shanta ilikuwepo, na katika ufa wa jiwe kulikuwa na maganda ya chungwa, yameganda, rangi yake bado kali.

Noreen aliyatazama muda mrefu.

"Mtu anayekwenda kujiua hamenyi chungwa," akasema. "Halafu haweki maganda pembeni asichafue."

"Mimi sikusema anakwenda kujiua."

"Hukusema. Lakini hukuwabishia waliosema."

Merle alifunika mdomo kwa skafu yake, akaendelea kupanda, na Noreen aligundua kwamba tangu waondoke kwenye jabali lile mzee alikuwa anapunguza mwendo. Haikuwa magoti. Alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache, anatazama juu mbele, kama mtu anayekaribia nyumba yenye mbwa asiyemwamini.

Wakafika kwenye Bwawa la Kettle.

Si bwawa kubwa. Ukirusha jiwe vizuri majira ya joto unaweza kulivusha. Njia hulizunguka upande wa kushoto, kwenye miti, kwa sababu huko ndiko kuliko na alama za rangi kwenye mashina. Nyayo za Lucien zilifuata njia hiyo hatua kama ishirini. Kisha zikasimama. Zilikuwa zimekanyagana pale, moja juu ya nyingine, za mtu aliyesimama akageuka akatazama, akahama mguu, akatazama tena. Halafu zikaiacha njia, zikateremka ukingoni, zikaingia bwawani. Na hapo hatua zilikuwa ndefu. Lucien alikuwa anakimbia, kadiri mtu anavyoweza kukimbia na viatu vile miguuni.

Noreen akazifuata kwa macho. Katikati ya bwawa, kwenye weupe mtupu, zilikutana na nyayo nyingine.

Hizi zilikuwa nyembamba, za buti tupu, bila viatu vya theluji. Zilianza pale katikati. Huku nyuma yake hakukuwa na kitu: theluji ilikuwa laini, imenyooka mpaka ukingo wa pande zote. Zilianza tu, kama vile mtu ameshushwa kutoka juu, kisha zikaelekea ng'ambo, upande wa kaskazini ambako hakuna njia, na nyayo za Lucien zikazifuata nyuma nyuma.

"Kulikuwa na mtu," Noreen akasema. Moyo ulikuwa unamdunda kwa kitu kilichofanana na furaha. "Merle, kulikuwa na mtu. Alimwona mtu anazama kwenye theluji bila viatu, akaenda kumsaidia. Hakwenda kufa. Alikwenda kusaidia."

Akageuka. Merle alikuwa amebaki ukingoni, kwenye miti, fimbo zake mbili zimechomekwa mbele yake kama lango. Hakuwa akizitazama nyayo. Alikuwa anamtazama Noreen.

"Hukushangaa," Noreen akasema.

Mzee akazididimiza fimbo zaidi.

"Merle. Hukushangaa hata kidogo."

"Hakuna mtu mwingine aliyepotea Januari ile," mzee akasema. "Hakuna gari lingine lililoegeshwa. Tuliuliza mpaka upande wa Kanada. Nilijua hakuna kabla ya kuuliza."

"Ulijuaje?"

Akashusha skafu. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Nimeshaziona mara tatu. Ya kwanza nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Nilizifuata, kama Lucien. Nani asingezifuata? Mtu anatembea na buti tupu kwenye baridi ile. Nilipozinduka nilikuwa nimekaa kwenye theluji huko ng'ambo, glavu nimevua, najisikia vizuri sana. Vizuri, Noreen, kuliko nilivyowahi kujisikia. Sijui nilikaa muda gani. Mbwa wangu alikuwa nyuma anabweka, amekataa kuja, anabweka kama anaitwa kuchinjwa. Kelele ile ilinikera mpaka nikainuka kwenda kumchapa. Hiyo ndiyo iliyoniokoa."

Noreen alisikia vinyweleo vya shingo vikisimama, lakini chini ya woga ule kitu kingine kilikuwa kinapanda, cha moto.

"Umesema mara tatu. Ya tatu ndiyo leo?"

"Ya tatu ni Januari."

"Siku ya ngapi?"

"Siku ya pili ya kutafuta. Nilikuwa mbele. Upepo ulikuwa umelifagia bwawa, nyayo zikaonekana, mistari miwili, wazi kama unavyoziona sasa. Nikawageuza. Nikawaambia tumekosea, tukatafute upande wa kusini. Usiku ule zikafunikwa." Alikuwa anaongea haraka sasa. "Nilikuwa na watu kumi na mmoja nyuma yangu. Watatu kati yao hawajafika miaka ishirini. Ningewaambia nini? Wangezifuata. Wote wangezifuata."

"Alikuwa siku mbili tu mlimani," Noreen akasema. "Siku mbili. Ulijua alikokwenda, ukawapeleka kusini. Miezi miwili unakuja kwangu unakula mezani kwangu, na ulijua."

"Nilijua."

Noreen hakupiga kelele. Alikaza mikanda ya shanta, akamgeuzia mgongo, akaingia bwawani.

"Noreen. Nimekuleta uzione, kwa sababu una haki ya kujua alikwenda kufanya nini. Sikukuleta uzifuate. Tuwaite walinzi wa msitu, waje wengi, kwa kamba."

"Waite," akajibu bila kugeuka. "Utawaelekeza kusini tena."

Barafu ya bwawa ilikuwa nene, haikutoa hata mlio. Alilivuka, akapanda ukingo wa ng'ambo, akaingia msituni, mstari wa mdogo wake kulia kwake na ule mwingine mbele kidogo. Hasira ilimbeba vizuri. Alipanda kwa nguvu, jasho likamtoka, na ilichukua muda kabla jicho lake la mtu wa milimani halijaanza kumwambia kilichokuwa hakiko sawa.

Mtu akipanda, hufupisha hatua. Akishuka, huzirefusha. Nyayo za Lucien zilifanya hivyo: mahali pa mwinuko zilisongamana, alikuwa anahema, mahali pengine alishika mti. Zile nyembamba hazikufupishwa. Zilipanda mwinuko na kushuka mabonde kwa nafasi ileile, kana kwamba ardhi yote ni sakafu. Gogo lilipokuwa limelala njiani, Lucien alilizunguka. Zile nyingine ziliishia upande huu na kuendelea upande ule. Palikuwa na msonobari mchanga ambao matawi yake yalishuka mpaka chini, na theluji yake ya zamani bado imekaa juu ya kila tawi. Nyayo nyembamba zilipita katikati ya matawi yale. Lucien alipiga magoti, akajaribu kuchungulia, kisha akapita pembeni.

Kwa hiyo aliona, Noreen akawaza. Aliona kama ninavyoona mimi. Na bado aliendelea.

Hapo ndipo alipotaka kurudi. Alisimama, akatazama nyuma, na wingu likawa limeshafika. Machi mlimani huwa hivyo, halipigi hodi. Miti ya mbali ilipotea, kisha ya karibu, na hewa ikawa na rangi moja na ardhi. Aligeuza viatu vyake kwa uangalifu, akaanza kufuata alama zake mwenyewe, ambazo zilikuwa mbichi, mashimo mapana yanayoonekana vizuri. Hasira ilikuwa imepoa, na jasho nalo lilipoa mgongoni.

Aliposhuka kidogo akamwona Merle mbele yake.

Alimwona mgongo tu, kijivu ndani ya kijivu, anatembea taratibu. Raha ikamwingia. Mzee alimfuata, kumbe. Alivuka bwawa lile lililomtisha miaka arobaini, akaja, na sasa anamwongoza kurudi, bila maneno, kwa aibu labda. Noreen akaongeza mwendo. Alitaka kumwambia kwamba bado hajamsamehe lakini asiende haraka hivyo. Mgongo ule haukuwa unakwenda haraka, ila kila alipopunguza umbali ulibaki palepale. Akaacha kutazama chini. Hapakuwa na haja. Merle alijua njia. Baridi ilikuwa imepungua. Vidole, ambavyo vilikuwa vinauma tangu asubuhi, viliacha kuuma, na akaona hakuna sababu ya kuvaa glavu. Akavua ya kulia. Ilikuwa vizuri. Ilikuwa vizuri sana, kwa kweli, kama jikoni kwa mama yake baada ya kuogeshwa, na mtu mwingine ameshika kazi zote.

"Noreen Couture, mpishi mbaya kuliko wote kaskazini mwa New Hampshire."

Sauti ilitoka nyuma yake.

Akasimama. Mbele, mgongo ule nao ukasimama.

"Mapai yako yana chumvi," sauti ikaendelea, imepwaya, inahema. "Maharage yako ni mawe. Watoto wa shule ile wanastahili medali. Geuka unitukane."

Hakuweza kugeuka. Aliutazama mgongo uliosimama ndani ya wingu na alijua, kama unavyojua kuna mtu chumbani kabla hujafungua macho, kwamba mgongo ule ukigeuka, yeye ataona uso. Haukugeuka. Ulisubiri tu. Ulikuwa na subira nyingi mno.

"Mama yako alikuwa anapika vizuri," Merle akasema, na sauti ilikuwa karibu zaidi. "Sijui wewe ilikupitia wapi."

"Nyamaza," Noreen akasema. Ulimi ulikuwa mzito.

"Sinyamazi. Niangalie."

Mkono ukamshika shanta kwa nyuma, ukamvuta kwa nguvu, wakaanguka wote wawili kwenye theluji. Uso wa Merle ulikuwa juu yake, mwekundu, machozi yameganda kwenye ndevu. Alimshika mkono wa kulia uliokuwa wazi, akaupulizia, akaingiza vidole vyake ndani ya koti lake mwenyewe, kwapani, akavibana huko. Maumivu yalipoanza kurudi Noreen akauma meno.

"Ulikuwa unafuata nini?" Merle akauliza.

"Wewe," Noreen akasema.

Mzee alifumba macho mara moja, akayafumbua. Hakutazama mbele. Noreen naye hakutazama. Lakini alitazama chini, na akaona kwamba alama zake za kupandia hazikuwepo popote, kwamba alikuwa ameiacha njia ya kurudi, na kwamba hatua tatu kutoka miguuni pake theluji iliishia kwenye mdomo uliopinda, na zaidi ya hapo palikuwa na kijivu kitupu ambacho ndani yake maji yalisikika yakitiririka, mbali chini.

"Inuka," Merle akasema. "Utakwenda mbele yangu, nikushike shanta. Utatazama miguu yako tu. Mimi nitaongea. Ukiona nimenyamaza, nipige."

Na aliongea. Aliongea kuanzia pale mpaka kwenye bwawa, na kuvuka bwawa, na kushuka vivuko vyote viwili. Alimsimulia jinsi alivyoposa akakataliwa na wasichana wawili wa nyumba moja. Alitaja kila gari alilowahi kumiliki na ugonjwa wake. Alimtukana meya. Sauti ilipomkauka Noreen alimpa kahawa, na wakati anakunywa yeye ndiye aliyeongea, chochote, majina ya watoto wa darasa la tatu, bei ya mayai. Mara mbili alihisi kwamba hatua zinazopasua theluji nyuma yao hazilingani na zao. Mara zote mbili Merle alimbana shanta na kuongeza sauti.

Walipofika kwenye gari jua lilikuwa linawaka bondeni, na kibanda cha akina Dubois kilikuwa bado kinafuka moshi. Walikaa ndani ya gari, injini inanguruma, hita imefunguliwa mpaka mwisho. Noreen alipoteza kucha mbili baadaye, hakuna zaidi.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Lakini umekuja."

Merle alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili, ingawa gari halikuwa likienda popote. "Sikuja kwa ushujaa," akasema. "Nilikaa ukingoni pale nusu saa nzima nikijiambia nitaita walinzi."

Waliwaita kesho yake. Lakini Jumapili ile ilianguka theluji, na mlima ukafungwa tena.

Lucien alipatikana wiki ya pili ya Mei, kwenye kijito chini ya ule mdomo uliopinda. Noreen alitakiwa kwenda kumtambua, akaenda. Daktari alimwambia kwa upole kwamba shingo ilivunjika, na kwamba ilitokea siku ileile aliyopanda, kabla jua halijazama. Hakuteseka. Na watafutaji, hata wangefanya nini, wasingemkuta hai.

Mlinzi wa msitu aliyempata, kijana mwenye adabu, alimkabidhi vitu kwenye mfuko. Koti halikuwa mwilini, akasema. Lilikuwa juu, ukingoni, limevishwa kwenye jiwe. Hiyo ni kawaida, watu wanaoganda husikia joto mwishoni, huvua nguo.

"Limevishwaje?" Noreen akauliza.

Kijana akasita. "Zipu ilikuwa imefungwa mpaka juu, mama. Na kofia imefunikwa. Kama..." Hakumalizia.

"Kama unavyomvisha mtu."

"Sikutaka kuliandika hivyo."

"Umefanya vizuri," Noreen akasema.

Alimzika Lucien Jumatano, na Paulette alikuja, akalia kwa kweli, na watu wa mjini walipata jambo jingine la kunong'ona. Merle alisimama nyuma kabisa kanisani, kofia kifuani. Alikuwa amekonda. Aliondoka kabla ya chakula.

Noreen angeweza kumwambia siku ile. Angeweza kumpigia simu Jumatatu, alipotoka kwa daktari. Sentensi moja tu ingetosha. Hakumwambia. Aliiweka siri ile ndani yake kama mtu aliyeficha kipande kizuri cha nyama, anajua ni dhambi, na bado kila asubuhi alijiambia kesho. Alitaka Merle abebe hatia siku chache zile, kama yeye alivyobebeshwa miezi miwili.

Ijumaa akaona haya, akaenda.

Alimkuta kwenye kibanda chake cha zana ananoa msumeno. Hakuketi. "Alikufa siku ya kwanza," akasema. "Alianguka. Kabla hata simu ya kutafuta haijapigwa. Ungewapeleka kaskazini, ungeleta maiti. Au maiti kumi na mbili."

Merle aliendelea kunoa meno mawili matatu. Kisha akaiweka tupa juu ya benchi.

"Umejua lini?"

"Jumatatu."

Akahesabu kimoyomoyo, Noreen alimwona akihesabu. Kitu fulani kikalegea kwenye mabega yake, si sana.

"Nilidhani utakaa nayo zaidi," akasema. "Mimi ningekaa nayo mwezi."

Noreen akavuta kigoda, akakaa. Nje, matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa.

"Ile njia lazima ihamishwe," Noreen akasema.

"Nimewaandikia wenye chama cha njia mara nne tangu enzi zile. Wanataka sababu."

"Uliwapa sababu gani?"

"Kwamba barafu ya bwawa ni nyembamba."

"Barafu ile haijawahi kuwa nyembamba, Merle."

"Basi waambie wewe sababu."

Hawakumwambia mtu sababu. Juni, mbu walipokuwa wakali na wapandaji bado wachache, walipanda wawili na msumeno, kopo la rangi ya bluu na patasi. Wiki tatu walifungua njia mpya kupitia bega la kusini, na Noreen mwenyewe ndiye aliyekwangua alama za zamani kwenye mashina karibu na bwawa, akifanya kazi haraka, mgongo akiupa maji. Majira yale yalikuwa na vyura wengi. Chama kiliandika barua kali. Merle aliisoma kwa sauti mezani kwa Noreen, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Njia mpya ni ndefu zaidi ya ile ya zamani kwa karibu maili moja, na haina mandhari ya maana. Wapandaji wanalalamika. Majira ya baridi wawili hao hufika pale kwenye maegesho kwa zamu, na chupa ya kahawa, wakajifanya wanakagua daraja. Huwahesabu watu wanapopanda, na hukaa mpaka wamehesabu walewale wakishuka. Mwaka huu, siku moja ya Februari, Noreen aliwahesabu watano wakipanda na sita wakishuka. Hakuwatazama mara ya pili. Aliwasha gari, akasubiri mpaka magari yao yote yameondoka, kisha akaendesha moja kwa moja hadi nyumbani kwa Merle, wakakaa wanaongea mpaka kukapambazuka.